Chaji inavuta tu: polima, utando wa seli na mbegu ya mlonge

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu wote mliofika habari za asubuhi. Nimeombwa niongelee polima zenye chaji, yaani molekuli ndefu kama mnyororo zenye umeme chanya au hasi, na utando wa seli, muda niliopewa si mwingi kwa hiyo salamu naziishia hapo naingia kwenye mada.

Kuna jibu ambalo ukiuliza swali hili darasani unalipata haraka sana. Unauliza, kwa nini polima yenye chaji chanya inanasa kwenye bakteria? Unajibiwa, si chanya na hasi zinavutana mwalimu, na mtu anafunga daftari. Jibu sio uongo. Ila mi leo nimekuja kuwaomba msifunge daftari hapo, maana chaji inavuta tu, inaisogeza polima mpaka kwenye utando, af baada ya hapo kuna mambo mengine kabisa yanayoamua kama utando utatoboka au utabaki mzima, na kama hicho kitu ulichoshika mkononi ni dawa au ni sumu. Hayo mambo ndo yanawafanya watu wa fizikia, watu wa kemia na watu wa biolojia wakae meza moja, na ndo yamenifanya niipende hii kazi.

Tuanze na utando wenyewe, nitapita haraka kwa sababu wengi mnaujua. Mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi, Gorter na Grendel walichukua chembe nyekundu za damu, wakatoa mafuta yake, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake wakakuta ni kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakasema basi utando ni tabaka mbili za lipidi, vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje na mikia ya mafuta imejificha katikati. Unene wote ni kama nanomita 4 hadi 5, na nanomita moja ni milimita moja umeigawa mara milioni. Kitu chembamba hivyo ndo kinatenganisha ndani ya seli na ulimwengu wote wa nje. Af hakijakaa kigumu, lipidi zinatembea ndani ya tabaka lake muda wote zinabadilishana nafasi, na hili la kutembea naomba mlishike maana litakuja kufanya kazi kubwa huko mbele.

Vichwa vya lipidi sasa, havifanani. Kuna fosfatidilkolini ambayo ina chanya moja na hasi moja kwenye kichwa hichohicho, kwa hiyo ukijumlisha unapata sifuri. Kuna fosfatidilserini, fosfatidilgliseroli na kadiolipini, hizi zina hasi. Seli zetu sisi binadamu zimejipanga kwa umakini mkubwa sana, upande wa nje umejaa zile za sifuri, na fosfatidilserini yenye hasi imewekwa upande wa ndani, na seli inatumia nishati kila siku kuhakikisha inabaki hukohuko ndani. Ikionekana nje ni alama kwamba seli inakufa, na chembe za kinga zinakuja kuila. Bakteria hawana mpango huo. Utando wao umejaa fosfatidilgliseroli na kadiolipini, na wale wa kundi linaloitwa Gram hasi wana na utando wa pili kwa nje wenye lipopolisakaridi, molekuli ya mafuta na sukari iliyojaa fosfeti, hasi tupu, kiasi kwamba bila ioni za magnesiamu na kalsiamu kuzishikilia zile fosfeti pamoja ule utando ungelegea. Kwa hiyo ukiwa na mnyororo wenye chaji chanya na ukaumwaga mahali penye seli ya mtu na seli ya bakteria, unajua utaelekea wapi kwanza.

Na mnyororo huo unaweza kuwa wa aina nyingi. Polilaisini, wale wa maabara za hospitali mnaijua, ndo inapakwa kwenye slaidi ili seli zisisombwe na maji. Polietileniimini, hiyo inatengenezwa na watu. Kitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba. DNA nayo ni polima yenye chaji, ila yenyewe ni hasi, chaji mbili kwa kila nanomita 0.34, imebanana vibaya sana.

Sasa twende kwenye kiini, hapa naomba tukae kidogo.

Polima yenye chaji ikiwa ndani ya maji haiko peke yake hata siku moja. Kila chaji iliyoko kwenye mnyororo imezungukwa na ioni ndogo za upande wa pili, sodiamu au kloridi au nyinginezo. Mwaka 1969 Gerald Manning alionesha kwamba kama chaji kwenye mnyororo zimekaribiana zaidi ya kipimo fulani, ambacho ndani ya maji ni kama nanomita 0.7, basi mnyororo hauwezi kuvumilia, utavuta ioni ndogo zije kuganda karibu yake mpaka nguvu ya chaji yake ipungue. Kwa DNA kwenye maji yenye sodiamu, kama robo tatu ya chaji inafutwa kwa njia hiyo. Utando nao hivyohivyo, ukiwa na hasi nyingi unazungukwa na wingu la ioni chanya. Kwa hiyo pale tunaposema polima inakutana na utando, ukweli ni kwamba makundi mawili yanakutana, kila moja limekuja na watu wake.

Na wakikutana kinatokea nini? Mnyororo na utando zinatulizana zenyewe kwa zenyewe, chanya za huku zinakaa na hasi za kule, na zile ioni ndogo zilizokuwa zimebanwa pembeni hazina sababu tena ya kubaki, zinaachiwa zinatawanyika majini. Fikiria daladala ya saa moja asubuhi, watu wamebanana hata mkono huwezi kuunyanyua, imefika stendi mlango umefunguka, kila mtu anashika njia yake. Huo uhuru wa ioni ndo entropia, na ndo unalipia gharama kubwa ya ule muunganiko. Ndo maana ukiweka polima na liposomu, yaani vifuko vidogo vya lipidi vinavyoiga seli, kwenye kalorimita, kile kifaa cha kupima joto, mara nyingi unaona joto dogo sana linatoka, na saa ingine joto linafyonzwa badala ya kutoka, na bado vitu vimeshikana kwa nguvu kweli kweli. Mtu aliyefunga daftari kwenye chanya na hasi hawezi kukueleza hilo. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani na Israeli walipima jambo hili wazi kabisa kwa DNA na lipidi zenye chaji chanya, walipochanganya wakaangalia upitishaji wa umeme wa maji, wakaona ioni zinaachiwa, na pale chaji za pande mbili zinapolingana karibu ioni zote zinakuwa zimetoka. Kwangu mimi huo ni mmoja kati ya majaribio mazuri sana ya fani hii, kifaa ni cha kawaida na swali ni kubwa.

Hapo ndo chumvi inapoingia. Chumvi ikiwa nyingi ndani ya maji, chaji mbili haziwezi kuonana kwa mbali. Kwenye maji yenye chumvi milimola 1 kwa lita nguvu ya umeme inafika kama nanomita 10 kabla haijafifia, kwenye chumvi ya kiwango cha damu, milimola 150, ni nanomita 0.8 tu, na kwenye maji ya bahari ni kama nanomita 0.4. Af tena zile ioni zinazoachiwa zinatoka kwenda kwenye maji ambayo tayari yamejaa ioni wenzake, kwa hiyo uhuru zinaoupata ni mdogo. Chumvi inapunguza vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba polima fulani inaua bakteria kwa asilimia kadhaa na hawajakuambia chumvi ilikuwa kiasi gani, hiyo taarifa haijakamilika, uliza.

Moscow kuna kundi la akina Kabanov na Yaroslavov walifanya kazi nzuri miaka ya 1990 na kuendelea, wanachukua liposomu zenye hasi, wanaziongezea polima yenye chanya inanasa, af wanaongeza chumvi au polima nyingine yenye hasi nyingi zaidi kama asidi ya poliakriliki, na ile ya kwanza inabanduka inamfuata mwenzake, liposomu zinabaki nzima. Ila, na hapa ndo lile la lipidi kutembea linakuja, walionesha pia kwamba polima ikikaa juu ya utando ulio laini, lipidi zenye hasi zinakusanyika chini yake, na hata zile za tabaka la ndani zinavuka zinakuja tabaka la nje, jambo ambalo kwa kawaida lipidi hailifanyi kirahisi maana kichwa chenye chaji kinatakiwa kipite kwenye mafuta. Na hizo lipidi zenye hasi zikizidi kiasi fulani utando unapasuka kweli. Kwa hiyo mnaona, utando haujakaa tu unasubiri kupigwa, unajipanga upya kufuata polima iliyoko juu yake, na kule lipidi zenye hasi zilikotoka kunabaki na upungufu. Kwangu mimi hili ndo jambo la kwanza la kumwambia mwanafunzi anayeanza.

Basi kutoboka kunakujaje? Mwaka 1987 Michael Zasloff, alikuwa taasisi za taifa za afya huko Marekani, alikuwa anafanya kazi na yule chura wa maabara, Xenopus laevis, ambaye asili yake ni huku kusini mwa Afrika. Alikuwa anawapasua kutoa mayai, anawashona, anawarudisha kwenye maji ambayo hayakuwa masafi, na vidonda vinapona bila kuoza. Watu wengi wangeona ni kawaida. Yeye akatafuta kwenye ngozi akapata magainini, peptaidi, yaani kipande kifupi kama cha protini, ya amino asidi 23 yenye chaji chanya. Kitu muhimu kuhusu magainini ni kwamba haina chanya tu, ikifika kwenye utando inajikunja kama springi yenye sura mbili, upande mmoja umebeba chaji na upande wa pili unapenda mafuta. Chaji imeileta, ila upande wa mafuta ndo unaingia kati ya vichwa vya lipidi na kuvisukuma viachane, na zikikusanyika nyingi juu ya utando mpaka zikavuka kiwango fulani kwa kila lipidi, ghafla tundu linafunguka. Chini ya kiwango hicho zipo zipo tu juu, hamna kinachovuja. Binadamu pia tunayo ya kwetu, inaitwa LL-37, amino asidi 37.

Waliokuja baadaye kutengeneza polima za kuiga magainini walijifunza hili kwa uchungu. Ukiongeza sehemu ya mafuta, polima inaua bakteria vizuri zaidi, unafurahi, unaongeza tena, af unakuta inapasua chembe nyekundu za damu pia, maana mafuta hayabagui, utando wa mtu na wa bakteria yote kwake ni mafuta. Ukipunguza mafuta ukabaki na chaji nyingi, inanasa bila kutoboa. Dawa iko kwenye uwiano, na uwiano huo unaupata kwa kupima, tena na tena.

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 2004. Walichukua dendrima, yaani polima zenye matawi zinazokua kwa vizazi kuwa mpira mdogo, wakaziweka juu ya utando wa lipidi na kuangalia kwa hadubini ya nguvu ya atomu. Kizazi cha 7 chenye ncha 512 za amini, ndo zinazobeba chaji chanya, kilitoboa matundu ya nanomita 15 hadi 40. Kizazi cha 5 chenye ncha 128 hakikutoboa kitu kipya, kilipanua tu nyufa zilizokuwepo tayari. Na wakifunika zile amini ili chaji iishe, hata kupanua hakukuwepo. Ukubwa na wingi wa chaji mahali pamoja vinabadilisha tabia nzima, kemia ni ileile.

Sasa tuigeuze picha. Mpaka hapa polima ilikuwa chanya na utando hasi. Kwenye kubeba vinasaba ni kinyume, polima ni DNA au RNA yenye hasi na lipidi ndo zinatengenezwa ziwe chanya. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake walionesha lipidi chanya zinaweza kuingiza DNA kwenye seli, 1995 kundi la Strasbourg likaonesha polietileniimini nayo inaweza, 1997 akina Rädler na Safinya wakapiga eksirei wakaona DNA na lipidi zimejipanga tabaka kwa tabaka, DNA moja moja imelala katikati ya tando mbili kwa mpangilio uliotulia kabisa. Kilichosumbua ni sumu, vitu vyenye chanya muda wote vinashika kila kitu ndani ya damu na vinaumiza seli. Suluhisho lililokuja kufika mpaka kwenye mabega yetu ni lipidi inayobadilika. Kwenye damu, pH 7.4, karibu haina chaji. Ikishaingia ndani ya seli ikawekwa kwenye kifuko chenye asidi, pH ikashuka chini ya 6, inapata chanya, inakutana na lipidi hasi za kile kifuko, na zikikaa pamoja umbo la tabaka mbili halikai tena, utando unavunjika, RNA inatoka. Dawa ya kwanza ya RNA iliyobebwa hivyo ilipitishwa Marekani mwaka 2018, patisirani, ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, na mwisho wa 2020 zikaja chanjo za mRNA za UVIKO zenye lipidi za namna hiyohiyo. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Nobel 2023 kwa upande wa RNA na walistahili, ila mi naomba lipidi nayo ipewe heshima, bila ile chaji inayokuja na kuondoka kwa wakati wake RNA isingefika popote.

Bakteria nao wanajua hesabu hii. Kolistini ni antibaiotiki ya zamani, peptaidi ndogo yenye chanya na mkia wa mafuta, inang'oa ile magnesiamu na kalsiamu inayoshikilia utando wa nje, inaingia, inapasua. Inaumiza figo kwa hiyo ikawekwa kando, ikarudishwa baada ya dawa nyingine kushindwa, imekuwa ya mwisho mwisho. Mwaka 2015 watafiti wa China wakatangaza jeni inaitwa mcr-1, waliikuta kwenye nguruwe, nyama na wagonjwa, na inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Inafanya nini? Inapachika fosfoethanolamini kwenye lipidi A, ile sehemu ya mafuta ya lipopolisakaridi, chaji hasi inapungua, kolistini inakosa pa kushika. Hayo tu. Kupunguza chaji chache kwenye utando kunatosha kuharibu dawa ya mwisho tuliyonayo, na kwa nchi zetu ambazo antibaiotiki zinauzwa dukani bila cheti na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku, hilo jambo linanikosesha amani kabisa.

Sasa nije nyumbani, kwenye mlonge. Wengi hapa mnaujua kwa majani yake, unga unauzwa kila mahali siku hizi. Ila mbegu ndo zinanileta mimi. Sudan, kando ya Nile, akina mama wamezitumia kwa muda mrefu kusafisha maji ya tope, unaziponda, unakoroga, unasubiri, tope linazama. Mwaka 1995 Ndabigengesere na wenzake huko Sherbrooke, Kanada, walichambua kinachofanya kazi wakakuta ni protini ndogo zenye chanya, uzito wa kilodaltoni kama 13 zikiungana mbili mbili, na pH yake ya kutokuwa na chaji iko juu ya 10, maana yake kwenye maji ya kawaida ni chanya tupu. Udongo una hasi, wanakutana, wanaganda, wanazama. Habauka Kwaambwa alifanya kazi Botswana na baadaye Namibia, pamoja na Adrian Rennie wa Uppsala, Uswidi, wakatumia miale ya nyutroni kuangalia protini hizi zinavyolala juu ya silika, na hiyo ni biofizikia ya kiwango cha juu kabisa imeanzia kwenye mbegu tunazozikanyaga uani.

Na bakteria je? Kwa muda watu walijua wanapungua ila haikuwa wazi kama wanauawa au wanazama tu pamoja na tope. Mwaka 2015 kundi la chuo kikuu cha Penn State, Marekani, likagandisha E. koli kwa baridi kali wakawapiga picha kwa hadubini ya elektroni, wakaona utando wa ndani na utando wa nje umeungana, wakathibitisha kwa liposomu pia kwamba protini ya mlonge inaunganisha tando. Yaani haitoboi kwa namna ya magainini, inazileta tando mbili pamoja mpaka zinakuwa moja na mpangilio wa bakteria unavurugika. Hapo mnaona tena, chaji ni ileile chanya, mwisho wake ni tofauti.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Maji uliyotia mlonge sio maji salama ya kunywa moja kwa moja. Ukiponda mbegu unaweka na mafuta na protini nyingine nyingi zisizo na kazi, zinabaki ndani ya maji, na bakteria waliosalia wanazila, ukiyaweka ndoo usiku kucha wanaongezeka upya. Chemsha. Kundi hilohilo la Penn State lilipata njia nzuri mwaka 2012, wakachukua mchanga, mchanga ni silika una hasi, wakaumwagia maji ya mlonge, protini ya chanya ikanasa kwenye mchanga, wakausuuza takataka zote zikaondoka, ukabaki mchanga uliovaa chanya unaokamata tope na bakteria. Ukishachakaa unausuuza kwa maji ya chumvi nyingi protini inabanduka, unaanza upya. Mchanga, mbegu, chumvi. Sioni kwa nini kazi hii iishie kwenye majarida ya nje wakati mti uko hapa.

Kuna na mwani, nitausema kidogo. Zanzibar wanalima mwani kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi ni akina mama, na unaokaushwa unasafirishwa kwenda kutolewa karajini. Karajini ni polima yenye hasi, salfeti moja kwa kila pea ya sukari kwenye aina ya kapa inayotoka kwenye mwani uitwao kotoni, mbili kwenye aina ya ayota inayotoka kwenye mwani uitwao spinosamu. Hasi kwa hasi, kwa hiyo utando hauitaki, mpaka iwepo kalsiamu ya kuziunganisha. Lakini hiyo ayota inatumika kwenye dawa za kupuliza puani za mafua huko Ulaya, inanasa kwenye virusi kabla virusi hawajafika kwenye seli. Spinosamu ndo mwani wa bei ya chini kwa mkulima wetu. Nayasema haya mbele ya wanafunzi wa kemia kwa makusudi.

Najua swali linalofuata, vifaa tutapata wapi. Sehemu kubwa ya niliyoyasema haihitaji nyutroni. Alec Bangham huko Babraham, Cambridge, aligundua liposomu miaka ya 1960 kwa kitu rahisi sana, lesithini, yaani mafuta yenye fosfatidilkolini, aliikausha af akaitia maji. Mpaka leo inafanyika hivyo, unayeyusha lipidi kwenye klorofomu, unaikausha ibaki utando mwembamba ndani ya chupa, unaongeza maji unatikisa. Lesithini ya kiini cha yai au ya soya ni bei nafuu. Fosfatidilgliseroli utaagiza, ila miligramu chache zinatosha majaribio mengi. Kama una spektrofotomita tu, kile kifaa cha kupima mwanga unaopita, changanya liposomu na polima upime ukungu, zikigandana au kuungana ukungu unapanda. Kama una fluorimita, kifaa cha kupima mng'ao, jaza liposomu kwa kalseini, rangi inayong'aa, iliyobanana mpaka isiwe inang'aa, tenga iliyobaki nje, ongeza polima, ikivuja inachanganyika na maji mengi inaanza kung'aa, mwishoni unamwaga Triton, sabuni ya maabara, kupasua zote na hiyo ndo asilimia 100 yako. Angalizo moja ambalo watu wengi wanaliruka: kalseini yenyewe ina hasi, kwa hiyo polima yenye chanya inaweza kuishika na kuizima, ukadhani hamna kilichovuja. Pima kwanza polima na kalseini peke yake bila liposomu. Ukiona zinashikana badilisha rangi, tumia dekstrani, polima ya sukari isiyo na chaji, yenye rangi, na ukitumia za saizi tofauti utajua na tundu lina ukubwa gani.

Na kwa wale wanaotafuta mada ya tasnifu ninayo moja ningependa mtu wa hapa aifanye vizuri. Visima vya mwambao vina chumvi, na vingi vimepita kwenye miamba ya matumbawe kwa hiyo vina kalsiamu. Chumvi inafifisha chaji, na kalsiamu inashika vichwa hasi vya lipidi kwa nguvu kuliko sodiamu, inagombania nafasi ileile inayotakiwa na protini ya mlonge. Chukua liposomu za fosfatidilgliseroli, na pembeni za fosfatidilkolini tupu, kipimo cha mlonge kisibadilike, anza na sodiamu kloridi milimola 1, 10, 50, 150, af rudia kwa kalsiamu kloridi kuanzia chini kabisa, kila hatua pima ukungu na uvujaji. Ukimaliza chukua maji ya kisima chenyewe.